Siku Shangazi Mapendo Aliposimama Kwenye Kiti

Nilipokuwa mtoto, mtu aliyepanda mlima bila jembe, bila shoka na bila mzigo kichwani tulimwita mwizi, au kichaa. Sasa binti yangu Neema ananijia na daftari jipya na kalamu mbili, kama vile mimi ni karani, ananiambia yeye na vijana wenzake wa Baraka wanafyeka njia ya kupanda mpaka Kiti ili wageni wapande watazame ziwa. Watazame tu, halafu washuke. "Mama, andika ile habari ya Kiti," anasema. "Wageni wanapenda habari za zamani." Nikamwambia akamtafute mtu anayependa kuongea. Nina mihogo ya kumenya, nina wajukuu wawili, wa kwake mwenyewe, wananililia mgongoni, na masomo niliyaacha darasa la tatu la primeri. Alicheka. Amenizoea huyu. Basi naandika, na asiyependa akasome kitu kingine.

Na msinihesabie miaka. Huku kwetu Fizi, Kongo, vita iliharakisha kila kitu. Mtu anakuwa bibi meno yake yote yangalipo.

Kiti ni jiwe. Liko juu ya mlima nyuma ya kijiji chetu, kijiji cha kando ya ziwa, kwenye barabara inayotoka Mboko kwenda Baraka. Ni jiwe pana, bapa, na nyuma yake kuna jiwe lingine limesimama wima kama egemeo la kiti. Ukikaa pale unaona kila kitu: maji yote mpaka rasi ya Ubwari iliyolala ng'ambo kama ng'ombe aliyekataa kuamka, barabara, mabati ya watu, mitumbwi, hata nani ameanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, na nani bado amelala. Siku ambayo mvua imesafisha hewa unaona mpaka milima ya Tanzania. Ni pazuri, sibishi. Lakini sisi hatukufundishwa uzuri wa pale. Tulifundishwa masharti.

Masharti yalikuwa mdomoni mwa Bibi, mama wa baba yangu. Bibi hakuwa mtu mtamu. Alikuwa anapiga kwanza, anaeleza baadaye. Alisema nyuma ya Kiti wamekaa wenye mlima, wazee wa zamani waliozikwa kule, nao wanatazama ziwa lao. Kwa hiyo kwenye Kiti mtu anakaa. Hasimami mbele yao akawazibia. Hanyooshi kidole. Akitaka kuonyesha kitu anakunja ngumi, kiwiko kinabaki kwenye mbavu, anaonyesha kwa ngumi au kwa kidevu. Na hataji jina la mtu anayemwona chini.

"Ukisimama, ukanyoosha kidole, ukataja jina," alikuwa anatuambia, "wenye mlima watafikiri umewapa. Watamchukua."

Na kidole kilichokosa kilikuwa na dawa moja tu. Mwenye nacho ashuke mpaka kwenye maji ya pale alipoonyesha, akakioshe jua likiona, kabla siku tatu hazijaisha. Asipokwenda, wenye mlima wanakifuata kile kidole kila kinapogeukia, na kidole kinageukia watu wengi kwa siku.

Tulikuwa tunashika masharti hayo kama tunavyofunika chungu, bila kuuliza. Hata Shemasi wetu, mtu wa Biblia, aliyasema vibaya kanisani, lakini mimi nilimwona juu ya Kiti akionyesha shamba lake kwa ngumi.

Kisha vita ya kwanza ikafika, ile iliyotoka upande wa Uvira. Tulikimbia mlimani, familia sita, tukajificha upande wa nyuma kwenye vibanda vya mashamba. Basoda, askari wenye bunduki, wakakaa kijijini mwetu. Wa upande gani, usiniulize. Wa huyu walikula kuku, wa yule wakala mbuzi. Baba yangu alikuwa ameenda Misisi kuchimba dhahabu kabla ya yote hayo, barabara ikakatika, tukabaki mimi na mama yangu mikononi mwa watu wa baba. Mama alikuwa mzaliwa wa Mboko, na kwa ukoo wa baba alibaki mgeni hata baada ya kunizaa.

Wa kwanza kumkumbusha alikuwa Shangazi Mapendo, dada wa baba. Jina hilo walimpa siku alipozaliwa, kabla hawajamjua. Alikuwa ameachika Baraka, amerudi kwa Bibi na sauti kubwa ya koral, kwaya ya kanisa, na kikwembe kimoja kizuri, kitenge cha njano, njano ya ndizi iliyoiva mpaka inapasuka. Siku ya kukimbia aliacha sufuria akaokoa kikwembe. Alijifunga hicho kila siku ili wenzake wasikiibe.

Wiki mbili tulikaa bila chumvi. Anayefikiri ni jambo dogo ale sombe, majani ya mihogo, bila chumvi wiki mbili, na watoto sita wanalia pembeni, halafu aje tuongee. Mwishowe Baba Amisi, mvuvi aliyekuwa ameficha mtumbwi wake ndani ya matete, alisema atavuka mpaka Ubwari kutafuta chumvi. Alimwacha mkewe, Mama Amisi, na mimba kubwa ya miezi minane. Walipatana kwamba akirudi atajificha kwenye matete mpaka giza liingie. Sisi huku kila asubuhi tulituma watu wawili Kiti kutazama: basoda wameondoka au bado, mtumbwi umekuja au bado. Mama yangu hawakumtuma hata siku moja. Mgeni hapewi macho ya kijiji, Bibi alisema.

Siku ya nne zamu ilikuwa ya Shangazi, na mimi nikapewa yeye kwa sababu nilikuwa na macho mazuri. Nilikuwa na miaka kumi, au kumi na moja. Tulipanda asubuhi, majani yamejaa umande, udongo mwekundu unateleza, na yeye anapanda na kunitukania mama yangu kwa pumzi moja.

"Kaka yangu alikimbilia Misisi sababu ya mudomo wa mama yako."

"Alienda kutafuta dhahabu, Shangazi."

"Dhahabu! Weye uliionaka? Hata chembe?"

"Hapana."

"Basi. Ni mudomo."

Karibu na juu, upande wa nyuma, kuna kibonde chenye miti iliyokufa. Kila aliyepanda aliokota kuni pale, maana kushuka mikono mitupu ilikuwa aibu. Shangazi akaanza kuokota, akanituma niende mbele nikatazame. Nikaenda, nikakaa kwenye Kiti kama nilivyofundishwa. Chini kwenye mchanga basoda watano walikuwa wanafua mashati. Na mbali kidogo upande wa kaskazini, kwenye mwanya wa matete, niliona kitu cheusi kirefu kimetulia, na mtu ndani yake ameinama.

"Shangazi," niliita polepole, "umefika."

Akaja. Nikamwonyesha kwa ngumi. Hakuona. Nikamwonyesha kwa kidevu. Hakuona. Akapanda juu ya jiwe, akasimama.

"Wapi?"

"Kule kwenye matete. Kaa chini, Shangazi."

"Wapi, mutoto huyu? Uko unaota?" Halafu akaona. "Yee! Baba Amisi! Ni Baba Amisi na gunia! Chumvi imekuja!" Na mkono wake ulitoka wote, kuanzia begani mpaka kwenye kidole, ukabaki umenyooka vile.

Jua la asubuhi linatokea upande wa Ubwari, na linapiga Kiti usoni.

"Shangazi, kidole."

"Nyamaza. Kidole ni chako?"

Niliona wale waliokuwa wanafua wameacha mashati. Wanakimbia kwenye mchanga, wanakimbia kaskazini moja kwa moja, hawatafuti, kama watu waliopewa anwani. Kisha tukasikia risasi. Yule mtu aliyeinama akasimama ndani ya mtumbwi, akaanguka upande wa majini.

Shangazi alikaa chini. Alinitazama muda mrefu. Halafu akainuka, akanipeleka mpaka penye kuni, akanitwisha kuni zake pamoja na zangu.

"Tembea polepole," akasema. "Usianguke."

Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kunihurumia, na mimi mjinga nilitembea polepole.

Nilipofika vibandani, yeye alikuwa amekwisha kufika, amekwisha kulia, amekwisha kueleza. Watu wote walikuwa wanatazama mkono wangu. Mama Amisi alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele, hatoi machozi.

"Leta mukono," akaniambia.

Nikaleta. Akakishika kidole changu, akakigeuza huku na huku kama mtu anayenunua samaki.

"Haka kadole?" akamuuliza Shangazi.

"Haka. Mi nilikuwa penye kuni, nikainua macho, nikaona amesimama wima juu ya Kiti, kidole hivi, anaita jina la bwana yako. Niliona mutumbwi, niliona basoda banakimbia. Nilipiga kelele. Nilichelewa."

"Ni yeye!" nikasema. "Ni Shangazi alisimama, mimi nilikaa..."

Kofi la Bibi lilifika kabla sijamaliza. "Mutoto hasingizii shangazi yake."

Shemasi alisema hayo yote ni mambo ya kipagani, tuombe. Aliomba vizuri, tena kwa muda. Mkono wake wa kuume ulibaki mfukoni.

Kila mtu pale, ila mama yangu, alikuwa ameokota kuni kwenye kile kibonde. Kila mtu alikijua. Lakini mtoto wa kubebesha kosa alikuwa amekwisha kupatikana, na hasa mtoto wa mwanamke wa Mboko, basi nani angejisumbua kufikiria mawe yamekaa vipi? Na Bibi, aliyekijua Kiti kuliko wote, alikuwa kati ya binti na mjukuu. Alichagua binti.

"Kesho atashuka kuosha," Bibi akasema. "Na mama yake atamupeleka."

"Kule kuko basoda," mama akajibu.

"Najua kuko basoda."

"Mama mukwe, watatuua."

"Kama hamuendi, muhame hapa leo. Mukalale mahali pengine. Sitaki wenye mlima bamufuate mpaka kwa batoto ya watu."

Kuhama maana yake ilikuwa msitu, mvua, watu wawili, bila jembe. Mama alinivuta pembeni.

"Niambie."

"Haiko mimi, mama."

"Ninajua."

"Sasa tunaenda kwa nini?"

"Kwa sababu tunakula hapa."

Tulishuka siku ya pili jua likiwa juu, maana sharti linataka jua lione. Tulipita chini kwenye korongo, tukavuka barabara tukikimbia, tukaingia kijijini kwa nyuma ya nyumba. Mlango wetu ulikuwa umefanywa kuni. Mabenchi ya shule nayo, kuni. Mbwa wa jirani alikuwa amenenepa. Mama alinigeuza kichwa nisimtazame. Kutoka upande wa mchanga tulisikia basoda wanacheka na redio yao.

Kwenye matete tukakuta mtumbwi umelala ubavu, una matundu. Baba Amisi hatukumwona, na mpaka leo sijui nani alimzika, au kama alizikwa. Gunia lilikuwa limebaki ndani. Maji yalikuwa yameilamba chumvi yote, imebaki nyeupe kidogo kwenye mishono. Mama alilikunja, akalitia ndani ya nguo yake. Halafu akashika mkono wangu, akachota mchanga, akaanza kusugua kidole.

"Mama, kinauma. Na si mimi."

"Nyamaza. Wakikitazama nataka waone damu."

Alikuwa bado anasugua tuliposikia sauti ya mwanamume, karibu sana: "Heee! Muangalie ule mwanamuke!"

Tulilala ndani ya maji, midomo juu kama vyura. Nikasema moyoni, tumekwisha. Lakini hawakuja. Mwingine akasema, "Wapi?" Wa kwanza akasema, "Kule juu! Ule wa njano tena!" Wakacheka. "Amerudi! Leo anatuonyesha nini?"

Mama akainua kichwa polepole, na mimi nikainua.

Tangu nizaliwe nilikuwa nakiona Kiti kutoka ziwani. Lilikuwa jiwe kati ya mawe, hakuna wa kulishangaa. Sikuwahi kumwona mtu juu yake, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kusimama pale. Siku hiyo kulikuwa na kitu cha njano juu yake, kimesimama peke yake mbele ya mbingu, na kutoka chini kule ulikuwa unaona mpaka mkono, umewekwa juu ya macho kuzuia jua. Shangazi alikuwa amepanda kuhakikisha. Kama tungekamatwa, hiyo ilikuwa kazi imekwisha, hakuna wa kumsema tena.

Mmoja akapiga risasi mbili kuelekea mlimani, kwa mchezo. Njano ikapotea. Wote walikuwa wametazama juu, na sisi tukatoka ndani ya matete kwa magoti. Kwa hiyo mtu anaweza kusema Shangazi alituokoa. Mtu huyo asiseme mbele yangu.

Barabara ilikuwa imejaa basoda sasa pale kwenye korongo, hapakupitika. Mama akachukua njia ya mgongoni, ile kali inayopita karibu na Kiti. Alikuwa hajawahi kupita kule. Tulipofika kwenye kibonde cha miti iliyokufa akasimama kupumua, akaona kuni zimekatwa.

"Ni hapa munaokotaka kuni?"

"Ni hapa."

Akatazama mbele. Akasogea kushoto, akatazama. Akasogea kulia. Mbele yetu lilikuwa lile jiwe la nyuma ya Kiti, limesimama kama ukuta wa kanisa.

"Faila, hapa uko unaona ziwa?"

"Hapana."

"Na mutu akisimama juu ya Kiti, uko unamuona?"

"Hapana, mama."

Akanishika mkono, tukashuka mpaka vibandani.

Kule alilitupa gunia miguuni pa Mama Amisi, akakiinua kidole changu chenye damu kila mtu akione, akaeleza yote. Walivyocheka basoda, ule wa njano tena, amerudi. Watu wakamgeukia Shangazi. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu aliyebanwa ana akili kuliko mtu aliyelala vizuri, kwa sababu Shangazi hakutetemeka hata kidogo.

"Basoda ndio walikuambia?" akamuuliza mama. "Kumbe unaongea nao? Munasikia wenyewe! Muke wa Mboko anashuka kwa basoda, anarudi muzima, na habari wanamupa!"

Minong'ono ikaanza. Niliisikia ikizunguka kutoka mdomo hadi mdomo, na niliona mwanamume mmoja anaokota fimbo. Mama yangu alikuwa amelowa, magoti yamechubuka, na kati ya watu wale wote hakuwa na hata mmoja wa kuzaliwa naye. Kama neno lile lingekaa dakika moja zaidi, tusingelala hai pale.

"Sawa," mama akasema. "Mi nimeongea na basoda. Tupande."

"Tupande wapi?" Bibi akauliza.

"Penye kuni. Binti yako asimame pale alikuwa amesimama, atuonyeshe alionaka nini. Kama anaona ziwa, mutuue sote wawili. Sitakimbia."

Aliyeinuka wa kwanza ni Mama Amisi. Na tumbo lile. Akashika mti wa mbele, akavuta mwili wake, akashika mti mwingine. Akishaanza yeye, nani angebaki? Tulipanda wote, Bibi na fimbo yake, Shemasi na Biblia yake. Leo Neema ananiambia wageni watapanda mpaka juu kwa saa moja na chupa ya maji. Sisi siku ile sijui tulichukua saa ngapi. Mama Amisi alitapika mara mbili, na kila alipotapika hakuna aliyemsogelea, kwa sababu aliinua mkono kutukataza.

Kwenye kibonde Bibi alimwambia binti yake asimame alipokuwa. Akasimama.

"Unaona ziwa?" Mama Amisi akauliza.

Shangazi akatazama jiwe.

"Ninakuuliza."

"Nilisogea kidogo."

"Sogea basi."

Akasogea hatua mbili. Jiwe.

"Unaliona?"

"Nilisogea tena kidogo."

"Sogea. Ukifika mahali unaona matete, useme."

Akasogea. Akalizunguka jiwe la nyuma, na sisi nyuma yake, hatua kwa hatua. Kila aliposimama Mama Amisi alimwuliza, na kila alipoulizwa alitikisa kichwa, maana sasa tulikuwa karibu naye na sisi pia tulikuwa na macho. Ubwari ikatokea kwanza. Kisha maji ya mbali. Matete bado. Bega la mlima linayaficha mpaka mwisho kabisa. Akapanda mguu mmoja, akapanda wa pili.

"Hapa," akasema, kwa sauti ambayo koral haikuwahi kuisikia. Alikuwa amesimama juu ya Kiti.

"Kaa chini," Bibi akamwambia. Watu wote tukakaa chini, palepale tulipokuwa.

Halafu Shangazi akasema. Alisema anatazama maji, hatazami mtu. "Mulikuwa munalia chumvi kila siku. Niliona chumvi. Nilifurahi. Nilisahau." Mama akamwuliza kwa nini mtoto. Akajibu haraka, kama jambo lililokuwa limemkaa tayari mdomoni: "Mutoto hamungemufukuza. Mimi mungenifukuza."

"Tulitumwa kufa," mama akasema.



Bibi hakuniomba msamaha, wala siku hiyo wala siku nyingine, na alikufa ananidai heshima. Mama yangu alimpikia mpaka mwisho na hakumwita tena mama mkwe. Tangu siku hiyo zamu ya Kiti ilikuwa ya mama, na hakuna aliyesema habari ya mgeni.

Nimefikiri sana, mtu akimenya mihogo anafikiri sana. Wenye mlima kama wapo sijui; sijawaona, nao hawajanisumbua. Lakini ninajua nilichokiona kutoka ndani ya maji. Mtu akisimama pale anaonekana na kila aliye chini, na akinyoosha mkono, aliye chini anageuza kichwa upande huohuo. Bibi wa bibi zetu walikuwa wanasimulia habari za watu waliokuja kwa ziwa kukamata watumwa. Nadhani kuna mtu mmoja wakati ule alisimama, akaonyesha, na waliobaki wakakaa chini wakatunga sharti. Sababu ilipotea njiani, sharti likafika. Bibi alilijua neno kwa neno na hakujua lilitengenezwa kwa ajili ya siku ile ile tuliyokuwa ndani yake. Alikuwa amesema kweli, kidole kilimtoa Baba Amisi. Neema anataka kuweka kibao kule juu, kinachosema jina la kila mlima unaoonekana. Nimemwambia aandike tu watu wakae chini. Anafikiri natania.

Sasa malipo. Bibi alitaka kumaliza kwa mbuzi. Mbuzi hawakuwepo, basoda walikuwa wamewamaliza, kwa hiyo akaahidi wa baadaye, vita ikiisha. Mama Amisi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mbuzi atanichotea maji?" akauliza. Akaweka mkono juu ya tumbo. "Mapendo atanichotea. Bidoni moja asubuhi, moja jioni, kila siku Mungu analeta, mpaka huyu mwenye iko humu ndani aweze kubeba ya kwake."

"Na vita ikitutawanya?" Shangazi akauliza.

"Unitafute."

Mtoto alizaliwa msichana, wakamwita Sikuzani. Shangazi alichota. Tuliporudi kijijini alichota, dumu la bidoni kichwani, watu wakimwangalia njia nzima. Vita ya pili ilipokuja tukavuka ziwa, tukatawanyika kweli, na yeye akazunguka kambi kule Tanzania siku tatu akiuliza kibanda cha Mama Amisi ni kipi. Kwenye foleni ya bomba alisimama na bidoni mbili, ya kwanza kujazwa si ya kwake. Mwanamume mmoja alitaka kumwoa na kumhamisha; akamwambia ana maji ya kuchota, na mwanamume akaoa mwingine. Kile kikwembe alikikata ngata za kichwani, moja ikichakaa anakata nyingine, mpaka kikaisha. Mama Amisi hakumwambia asante hata siku moja. Alikuwa anamwonyesha kwa kidevu mahali pa kuweka.

Sikuzani alipofika miaka saba, siku moja jioni alitoka bombani na bidoni ya lita tano kichwani, peke yake, hajamwaga. Watu wa kambi walipiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini. Shangazi alikuwepo, aliona, naye alijua hesabu imetimia.

Asubuhi yake akaja tena, na bidoni imejaa, kama kila siku. Mama Amisi alitoka mlangoni, akaishusha kichwani mwa Shangazi kwa mikono yake mwenyewe, akamwaga maji yote chini, akamrudishia bidoni tupu.